Ngazi ya Hopewell: mbao zilithibitisha nini katika kesi ya mtoto wa Lindbergh

Usiku wa tarehe 1 Machi 1932, mtoto wa kiume wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh, mwenye umri wa miezi 20, aliibwa kitandani mwake ghorofani, katika nyumba ya wazazi wake karibu na Hopewell, jimbo la New Jersey, Marekani. Dirishani iliachwa barua ya kudai kikombozi cha dola 50,000. Nje ya nyumba polisi waliokota patasi na ngazi ya mbao ya vipande vitatu, iliyovunjika pale kipande kimoja kinapoungana na kingine. Fedha zililipwa tarehe 2 Aprili kwenye makaburi ya Bronx, New York. Mtoto hakurudi. Mwili wake ulikutwa tarehe 12 Mei msituni, kilomita chache tu kutoka nyumbani.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa hadubini: mtaalamu wa mbao alichungulia seli, akamtambua mhalifu. Ukikifuata hatua kwa hatua utaona mambo hayakwenda hivyo. Hadubini ilitaja aina za miti, ikaishia hapo. Kazi nzito ilifanywa na mambo mengine ambayo ubao huyahifadhi mwilini mwake: jinsi mti ulivyokua, jinsi mashine ya kiwandani ilivyouranda, na jinsi mkono wa mtu ulivyoukata na kuupigilia misumari. Anayesoma au kufundisha anatomia ya mbao atanufaika zaidi akijua kila hatua ilikuwa na uzito kiasi gani, kuliko akibaki na hadithi ya mtaalamu mmoja na lenzi yake.

Ngazi yenyewe

Ilikuwa kazi ya mkono, nyepesi, yenye uzito wa kilo 17 hivi. Kila kipande kilikuwa chembamba kidogo kuliko kilichokuwa chini yake, ili vyote vilazwe kimoja ndani ya kingine na kuingia garini. Viliunganishwa kwa vijiti vya mviringo vilivyopenyezwa kwenye matundu ya mbao za ubavuni. Vipandio vilikaa mbalimbali kuliko ilivyo kawaida, kiasi kwamba mpandaji alilazimika kunyanyua mguu sana. Aliyeitengeneza alijua kushika msumeno na patasi, kwa sababu vipandio vilitumbukizwa kwenye nafasi zilizochongwa ubavuni, lakini hakujisumbua kumaliza kazi vizuri. Vipandio vilikuwa vya mbao laini na havikuwa na dalili ya kuchakazwa na viatu. Ngazi hiyo, basi, haikuwa chombo cha kazi cha miaka mingi kilichoibwa kwa jirani. Ilitengenezwa kwa shughuli moja.

Mahali ilipovunjika panaelezwa na nyuzi za mbao. Ubao wa msonobari ni fungu la seli ndefu nyembamba ziitwazo trakeidi, zenye urefu wa milimita 3 au 4 hivi, ambazo karibu zote zimelala kufuata urefu wa shina. Peke yake zinachukua zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wa ubao. Ukuta wa kila trakeidi nao umejengwa kwa nyuzi ndogo zaidi za selulosi, na katika tabaka lake nene zaidi nyuzi hizo huelekea karibu sambamba na urefu wa seli. Matokeo yake ubao ukivutwa kwa urefu hustahimili nguvu kubwa mno, lakini ukivutwa kwa upana hupasuka kwa nguvu ambayo mara nyingi haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya ile ya kwanza. Tundu la kijiti karibu na ncha ya ubao huugeuza uzito wa mpandaji kuwa nguvu ya kupasua. Kijiti hukandamiza nyuzi upande mmoja, huzitenga, na ufa ukishaanza hukimbia kufuata urefu wa nyuzi bila kizuizi. Mbao za ubavuni zilishindwa kwenye kiungo hicho. Ukubwa wa vipandio au idadi yake haukuhusika.

Mtu aliyeitwa kuichunguza

Arthur Koehler, aliyezaliwa Wisconsin mwaka 1885, alikuwa mkuu wa wataalamu wa mbao katika Maabara ya Mazao ya Misitu ya serikali ya Marekani mjini Madison, taasisi iliyofunguliwa mwaka 1910. Aliposoma habari za ngazi magazetini alimwandikia Lindbergh kutaka kusaidia. Baadaye mwaka huohuo wa 1932 aliletewa vibanzi vichache avitambue. Ngazi nzima aliipata mwanzoni mwa 1933, Kanali H. Norman Schwarzkopf, mkuu wa Polisi wa Jimbo la New Jersey, alipomwita. Aliifungua yote, akaipa kila sehemu namba: vipandio kuanzia 1 hadi 11, mbao za ubavuni kuanzia 12 hadi 17. Namba 16 ndiyo itakayorudi baadaye. Ilikuwa ubavu mmoja wa kipande cha juu kabisa, kile ambacho kilikutwa kimelala kando, na inaonekana hakikutumika kabisa usiku ule.

Hapa kuna jambo la utaratibu ambalo huwa linapitwa haraka. Koehler hakuanza kwa kutafuta jibu la nani. Alianza kwa kuandika kila alichokiona kwenye kila ubao: upana, unene, matundu ya misumari, alama za randa, doa, mwelekeo wa nyuzi. Maelezo hayo yaliandikwa mwaka 1933, mshukiwa akiwa bado hajulikani. Bila maandishi hayo, yaliyofuata mwaka 1934 yangekuwa na nguvu ndogo sana.

Hadubini ilisema nini

Kutambua ubao kwa seli zake kunataka vipande vyembamba mno vinavyopitisha mwanga, vilivyokatwa kwa pande tatu: wa kukatisha shina, wa kuelekea kiini cha shina, na wa kugusa pete kwa ubavu. Ngazi ilikuwa na aina nne za mbao. Baadhi ya mbao za ubavuni zilikuwa za misonobari ya kusini, ile inayoota kusini-mashariki mwa Marekani. Nyingine zilikuwa za mti wa Douglas, yaani Pseudotsuga menziesii. Vipandio, isipokuwa kwa uchache, vilikuwa vya msonobari wa ponderosa. Vijiti vya kuunganishia vilikuwa vya betula.

Mti wa Douglas ni rahisi kuukamata: upande wa ndani wa kuta za trakeidi zake kuna mistari myembamba inayozunguka kama nyuzi za skrubu. Misonobari haina mistari hiyo. Betula ni mti wa majani mapana, kwa hiyo una vesseli za kupitishia maji ambazo misonobari haina, na pale vesseli moja inapopokezana na nyingine kuna vipau vingi vyembamba sambamba. Kazi inakuwa ngumu kati ya msonobari na msonobari. Yote ina mifereji ya utomvu, na katika kundi hili la misonobari migumu seli za miale, yaani mikanda myembamba inayokatisha pete kutoka kiini kwenda ganda, huwa na kuta zenye meno. Msonobari wa kusini hutofautiana na ponderosa kwa jinsi pete zake zinavyopita ghafla kutoka mbao laini ya mwanzo wa msimu hadi mkanda mpana na mzito wa mwisho wa msimu.

Misonobari ya kusini ni spishi kadhaa, na kwa ubao mkavu uliokwisha kupasuliwa, hadubini kwa kawaida haiwezi kuzitenganisha. Hata ingeweza, ingesema tu kwamba ubao ulitoka kwenye mti mmojawapo wa mamilioni. Miti ya aina zote nne iliuzwa kila mahali pwani ya mashariki ya Marekani. Kama ushahidi ungekomea kwenye seli, ngazi ya Hopewell ingekuwa ngazi ya mtu yeyote aliyewahi kununua mbao.

Hata hivyo utambuzi huo haukuwa bure. Ulimwambia Koehler atafute wapi. Misonobari ya kusini ilirandwa katika viwanda vya kusini, si vya pwani ya magharibi, na hilo peke yake lilipunguza ramani.

Alama za mashine

Ubao unaopita kwenye mashine ya randa hukatwa na visu vilivyofungwa kwenye kichwa kinachozunguka kwa kasi. Kila kisu huacha wimbi dogo sana, ambalo huonekana mwanga ukiletwa kwa pembe ya chini. Visu havifungwi sawasawa kabisa. Kikiwapo kimoja kilichotokeza kidogo au chenye pengo, huacha alama yake ileile kila kichwa kinapomaliza mzunguko. Umbali kutoka alama hiyo hadi inayofuata ni urefu ambao ubao ulisogea katika mzunguko mmoja, na ukihesabu mawimbi madogo yaliyo katikati unapata idadi ya visu.

Kwenye mbao namba 12 na 13, za msonobari wa kusini, Koehler alihesabu visu 8 kwenye nyuso na visu 6 kwenye kingo. Mchanganyiko huo haukuwa wa kawaida. Waliandikiwa barua wenye viwanda 1,598 vya kuranda mbao, kuanzia New York hadi Alabama, waulizwe kama wana mashine ya namna hiyo. Ni 25 tu waliokuwa nayo na waliokuwa wakiranda mbao za ukubwa huo. Sampuli zilipokuja, zile zilizolingana zilitoka kwenye kiwanda cha familia ya Dorn huko McCormick, South Carolina.

Sehemu ninayoiona kuwa bora zaidi katika uchunguzi wote ni hii inayofuata, ingawa magazeti ya wakati ule yaliipita haraka. Umbali wa alama kwenye ngazi haukulingana na kila ubao uliowahi kutoka McCormick. Ulilingana na mbao zilizorandwa baada ya Septemba 1929, kiwanda kilipobadilisha puli ya mashine na hivyo kubadilisha kasi ya ubao dhidi ya kasi ya visu. Puli moja ikaweka tarehe ya mwanzo. Tarehe ya mwisho iliwekwa na usiku wa Hopewell wenyewe. Kati ya tarehe hizo mbili, mabehewa zaidi ya 40 ya mbao za ukubwa ule yalipelekwa kaskazini, na orodha yake ilikuwamo vitabuni mwa kiwanda.

Koehler na mpelelezi Lewis Bornmann walizunguka kwa wafanyabiashara waliopokea shehena hizo. Sehemu nyingi mbao zilikuwa zimeshauzwa na kutumika. Kilichowasaidia ni kasoro moja ndogo ya kisu, iliyokuwapo kwa muda mfupi tu kabla visu havijanolewa tena, na ambayo ilionekana kwenye mbao za ngazi. Mnamo Novemba 1933 waliikuta kasoro hiyohiyo kwenye ghala la National Lumber and Millwork, huko Bronx. Shehena yenyewe ilikuwa imekwisha, lakini mbao chache za shehena hiyo zilikuwa zimetumika kujengea rafu za ghala. Wakakata kipande, wakalinganisha, alama zikawa zilezile.

Hapo njia ikakatika. Ghala liliuza kwa fedha taslimu na halikuwa na orodha ya wanunuzi. Sayansi ilikuwa imefuata ubao kutoka jimbo moja hadi jingine, ikafika kwenye kaunta ya duka, na upande wa pili wa kaunta kulikuwa na umma mzima wa Bronx.

Darini

Kilichomtoa mshukiwa hakikuwa mbao. Kikombozi kililipwa kwa sehemu kubwa kwa noti zilizodhaminiwa kwa dhahabu, na namba zake ziliandikwa. Marekani ilipoziondoa noti hizo katika mzunguko mwaka 1933, kila aliyezitumia baada ya hapo alionekana upesi. Septemba 1934 mhudumu wa kituo cha petroli aliandika namba ya gari pembeni mwa noti ya dola 10. Tarehe 19 ya mwezi huo alikamatwa Bruno Richard Hauptmann, seremala mhamiaji kutoka Ujerumani, mkazi wa Bronx. Gerejini mwake zilipatikana zaidi ya dola 14,000 za kikombozi. Ikajulikana pia kwamba aliwahi kufanya kazi na kununua mbao kwenye ghala lilelile la National.

Nyumba aliyopanga ilikuwa na dari iliyosakafiwa kwa mbao za msonobari wa kusini. Tarehe 26 Septemba Bornmann aliona kwamba ubao mmoja wa ukingoni ulikuwa mfupi kuliko wenzake, kana kwamba sehemu yake imekatwa na kuondolewa. Kwenye boriti palipokosekana ubao kulikuwa na matundu ya misumari yasiyo na ubao juu yake, na kwenye lipu chini yake kulikuwa na unga wa msumeno. Ubao uliobaki ukapewa namba S-226.

Turudi kwenye ubao namba 16. Mwaka 1933 Koehler alikuwa ameandika kwamba ubao huo ulikuwa na matundu manne ya misumari ya zamani yenye mwili wa mraba, ambayo hayakuhusiana na ujenzi wa ngazi. Matundu hayakuwa na kutu, kwa hiyo ubao haukukaa mvuani ukiwa na misumari. Alikadiria kwamba ulitolewa ndani ya jengo, mahali pasipohitaji mbao nzuri, kama vile ghala, gereji au darini. Oktoba 1934 aliulaza ubao huo juu ya boriti za dari ya Hauptmann. Matundu manne yaliangukia juu ya matundu manne ya boriti, kwa umbali na kwa mwelekeo.

Kisha ziliangaliwa pete. Mwisho wa ubao namba 16 na mwisho wa S-226 haukugusana. Kati yake kulikosekana sentimita 3 na nusu hivi, zilizopotea kwenye ukataji. Kwenye kichwa cha ubao pete za mwaka huonekana kama mikunjo. Mti hauweki pete sawa kila mwaka. Mwaka wa mvua nyingi huweka mkanda mpana, mwaka wa ukame huweka mwembamba, na jirani akikatwa mti hupata mwanga na kupanuka. Mkunjo wenyewe unategemea ubao ulikuwa umbali gani kutoka kiini na upande gani wa shina. Koehler alionyesha kwamba idadi ya pete, upana wa kila moja kwa zamu, na mkunjo wake viliendelea kutoka ubao mmoja hadi mwingine kuvuka pengo lile, bila kuruka. Ubao namba 16 ulikuwa mwembamba zaidi kuliko S-226 kwa sababu kingo zake zilikatwa na kurandwa kwa mkono, lakini nyuso zilikutana.

Ushahidi wa pete una sharti ambalo wengi hawalifikirii: mti wenyewe lazima uwe umeweka pete. Ngazi ingekuwa ya mianzi, hatua hii isingekuwapo kabisa. Mwanzi ni jamii ya nyasi. Hauna tabaka la seli linaloongeza unene mwaka baada ya mwaka. Hutoka ardhini ukiwa na upana wake wote, kisha kuta zake hukomaa na kuwa ngumu. Nyuzi zake zimekusanyika katika vifurushi vinavyozunguka mirija ya maji na chakula, na vifurushi hivyo hubanana zaidi kuelekea ganda la nje. Mchunguzi angeweza kulinganisha nafasi kati ya fundo na fundo, unene wa ukuta, na uso wa mkato, lakini asingekuwa na kalenda ya kusoma. Miti mingi ya ukanda wa joto usio na majira makali nayo haina pete za kuaminika, au huweka pete mbili kwa mwaka mmoja na hakuna mwaka mwingine. Mbinu iliyofanya kazi Bronx haibebwi kila mahali.

Randa ya gerejini

Gerejini kwa Hauptmann ilichukuliwa pia randa ya mkono. Kisu cha randa kikiwa na mapengo madogo huacha mistari iliyoinuka kwenye ubao, na nafasi kati ya mistari hiyo ni ya kisu hicho. Mistari kwenye vipandio na kwenye kingo za ubao namba 16 ililingana na mistari iliyotolewa na randa hiyo. Ushahidi huu unasimama kwa sharti moja: kisu hakikunolewa tangu siku ile ngazi ilipotengenezwa hadi randa ilipokamatwa. Kingenolewa, mapengo yangefutika na mengine kuzaliwa. Kulingana kwao kulionyesha kwamba hakikunolewa, au hakikunolewa vya kutosha. Kwa seremala hilo linashangaza, lakini Hauptmann alikuwa ameacha kazi ya useremala kwa muda mrefu wakati huo.

Mahakamani

Kesi ilianza Flemington, New Jersey, tarehe 2 Januari 1935. Mawakili wa utetezi walipinga Koehler asisikilizwe, wakidai hakuna sayansi ya mbao inayotambuliwa na mahakama na kwamba jopo la raia wenyewe wangeweza kutazama ubao wakaamua. Jaji Thomas Trenchard alimruhusu. Koehler alifunga jiriwa kwenye meza ya jaji, akabana kipande cha mbao, akakiranda kwa randa ya mshtakiwa mbele ya kila mtu, kisha akaweka karatasi juu yake na kuisugua kwa penseli ili mistari ijitokeze. Jopo liliona mistari ya leo kando ya mistari ya ngazi.

Ile ilikuwa hekima kubwa ya kufundisha. Seli chini ya hadubini lazima umwamini mtaalamu, lakini mistari ya randa na matundu ya misumari kila mtu anaweza kuviona. Nadhani ndiyo sababu ushahidi wa mbao ulilishika jopo kuliko ule wa mwandiko wa barua za kikombozi, ingawa wataalamu wa mwandiko walikuwa wengi zaidi.

Hauptmann alitiwa hatiani tarehe 13 Februari 1935, akanyongwa kwa umeme Trenton tarehe 3 Aprili 1936. Hadi mwisho alikana.

Mashaka yaliyobaki

Mashaka hayakuisha, na baadhi yake yanastahili kujibiwa kwa makini badala ya kudharauliwa. Polisi walikuwa wameipekua nyumba ya Hauptmann zaidi ya mara moja kabla ubao wa darini haujaonekana, na familia ilikuwa imekwisha kuondoka. Gavana Harold Hoffman alikwenda darini yeye mwenyewe mwaka 1936 na kutilia shaka ubao huo. Upande wa utetezi ulimleta Dakta Erastus Mead Hudson, aliyechunguza ngazi kwa nitrati ya fedha kutafuta alama za vidole. Alipata alama nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Hauptmann. Zaidi ya hapo alisema kwamba anakumbuka tundu moja la msumari kwenye ubao namba 16, si manne.

Kumbukumbu ya shahidi mmoja dhidi ya maandishi na picha ni jambo la kupimwa. Upande wa mashtaka ulitoa picha ya polisi ya mwanzo wa uchunguzi yenye matundu yote. Maelezo ya Koehler ya 1933 yalitaja matundu manne, umbo la misumari, na kutokuwapo kwa kutu, zaidi ya mwaka mmoja kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna dari ya Hauptmann. Anayedai kwamba matundu yalibuniwa baada ya kukamatwa lazima aeleze yaliandikwaje kabla. Na anayedai kwamba ubao mzima ulibadilishwa lazima aeleze pete zinazoendelea kutoka kwenye ngazi hadi kwenye sakafu ya dari. Pete haziwezi kutengenezwa, lazima zikue. Wachunguzi wa mbao waliorudia kazi hii miongo kadhaa baadaye wakiwa na ubao wenyewe mkononi walifikia hitimisho lilelile: namba 16 na S-226 zilikuwa ubao mmoja.

Lawama yangu iko kwingine. Koehler alilinganisha namba 16 na S-226 akijua S-226 imetoka kwa nani. Hakuwekewa mbele yake mbao kumi kutoka dari kumi, zote za msonobari wa kusini na za unene mmoja, achague ipi inaendelea na ngazi. Maabara makini leo ingedai jaribio la namna hiyo, kwa sababu jicho linalojua jibu huona mwendelezo kirahisi. Naamini angechagua sahihi, kwa kuwa pete zilikuwa nyingi na pengo lilikuwa dogo, lakini imani yangu si badala ya jaribio. Jambo hilohilo linawahusu wanaotambua mbao zinazosafirishwa kimagendo siku hizi: sampuli inapaswa kufika mezani bila jina la mwenye shehena.

Ushahidi wa mbao ulifika mbali: ubao wa ngazi ulitoka kwenye dari ya nyumba aliyopanga Hauptmann, na randa iliyoulainisha ilikuwa gerejini mwake. Haukusema nani alishika msumeno, nani alibeba ngazi hadi Hopewell, wala kama alikuwa peke yake. Hayo yalijazwa na noti za kikombozi, mwandiko wa barua, na mashahidi waliodai kumwona au kuisikia sauti yake. Viondoe hivyo, ubao namba 16 unabaki na uwezo wa kuthibitisha jambo moja tu, kwamba mtu aliyeingia katika dari ile aliukata na kuugeuza kuwa ubavu wa ngazi.